Kupima Mshiko wa Gundi ya Meno kwa Njia ya Kukata: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa udaktari wa meno na wataalamu wa maabara wa Kisumu, Kakamega na Nakuru wanaotaka kupima jinsi gundi inavyoshika kwenye jino, ilhali hawana maabara iliyoandaliwa mahususi kwa kazi hiyo. Nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi mmoja kuanzia jino la kwanza hadi jedwali la mwisho la matokeo. Njia ninayoieleza ni ya kukata: kijiti kifupi cha kompositi, yaani nyenzo ya kujazia meno inayogandishwa kwa taa, hugandishwa juu ya jino, kisha kisu cha mashine hukisukuma kutoka ubavuni hadi king'oke. Ipo pia njia ya kuvuta vijiti vyembamba vyenye eneo la takriban milimita moja ya mraba, iliyoelezwa na Sano na wenzake mwaka 1994, nayo hufichua mengi zaidi kuhusu gundi. Hata hivyo, njia hiyo inadai msumeno wa almasi wa mwendo wa polepole na mikono iliyozoea, na vijiti vingi huvunjika kabla havijafika kwenye mashine. Kwa anayeanza, nashauri njia ya kukata bila kusita.

Hatua ya 1: Kupata meno na kuyahifadhi

Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya ya sayansi, teknolojia na ubunifu, vitangulie, na mgonjwa aridhie jino lake litumike. Chagua magego yasiyooza na yasiyojazwa. Yasafishe nyama na damu mara tu yanapong'olewa, yaweke katika kloramini-T, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 0.5 kwa muda usiozidi wiki moja, kisha yahamishie kwenye maji yaliyokenekwa ndani ya friji ya nyuzi 4 za Selsiasi. Yatumike ndani ya miezi sita, na yakitumika ndani ya mwezi mmoja ni bora zaidi. Usiyaache yakauke hata kwa saa moja. Mimi situmii fomalini kwa meno ya kipimo hiki, kwa sababu hubadilisha protini za dentini, yaani tabaka la jino lililo chini ya enameli, na gundi hushika hizo hizo protini.

Wanaokusanya meno Nakuru na kwingineko katika Bonde la Ufa wana jambo la ziada la kuangalia. Maji ya visima vingi vya huko yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa ukomo, na ndiyo maana meno yenye madoa ya kahawia ni ya kawaida katika eneo hilo. Tabaka la juu la enameli (ganda gumu la nje) ya meno hayo huikinza asidi inayopakwa kuandaa jino kabla ya gundi, huku sehemu iliyo chini yake ikiwa na vinyweleo. Ukiyachanganya na meno ya mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria kwa kunywa maji ya ziwa, tofauti utakayoiona kati ya gundi mbili huenda ni tofauti ya meno tu. Lipe kila jino alama kwa kipimo cha Thylstrup na Fejerskov, cha ukali wa athari za floraidi kwenye jino, kinachoanzia 0 hadi 9, na uyagawe meno kwa usawa katika makundi yote. Ikiwa unachunguza meno yenye floraidi yenyewe, yaunde kuwa kundi linalojitegemea.

Hatua ya 2: Kulipachika jino na kulisawazisha

Kata bomba la PVC kuwa pete fupi, ulipachike jino humo kwa akriliki, na uitumbukize pete katika maji baridi akriliki inapoanza kupata moto. Kisha saga sehemu ya juu ya jino, maji yakitiririka, hadi enameli ya kati iishe na dentini ionekane yote. Simama hapo. Kadiri unavyokaribia kiini cha jino, mifereji ya dentini huongezeka na kupanuka, unyevu huzidi, na mshiko hupungua; jino lililosagwa kwa kina haliwezi kulinganishwa na lililosagwa juu juu.

Malizia kwa msasa wa silikoni kabaidi, na uangalie alama ya nyuma ya karatasi kabla ya kununua. Msasa wa P400 wa mfumo wa Ulaya ni karibu sawa na namba 320 ya mfumo wa Marekani, na namba 600 ya Marekani inakaribia P1200. Yule anayeandika "msasa namba 600" bila kutaja mfumo hajamwambia msomaji lolote, kwa kuwa unene wa tabaka la unga linaloachwa juu ya dentini hutegemea ukali wa msasa.

Hatua ya 3: Kudhibiti eneo la mshiko

Hapa ndipo saa nyingi za kazi yetu zilipoishia, na ningependa msomaji akae nami kidogo.

Matokeo ya kipimo hupatikana kwa kugawanya nguvu iliyong'oa kijiti kwa eneo la mshiko: nyutoni kwa milimita ya mraba, ambayo ndiyo megapaskali. Nguvu husomwa na mashine. Eneo hukisiwa na mtu, na kosa huingilia hapo. Chukua kalibu, yaani umbo la kujazia kompositi juu ya jino, yenye tundu la kipenyo cha milimita 2.38, kipimo cha kalibu nyingi zinazouzwa kwa kazi hii. Eneo lake ni milimita za mraba 4.45. Kijiti kiking'oka kwa nyutoni 98, utaandika megapaskali 22. Sasa tuseme kompositi ilipenya chini ya kalibu na kuenea hadi kipenyo cha milimita 3. Eneo halisi limekuwa 7.07, na mshiko wa kweli ni megapaskali 13.9. Gundi ni ile ile na nguvu ni ile ile, ila jedwali lako limeipandisha kwa zaidi ya nusu. Kwa mwanafunzi niliyemsaidia, namba za kundi moja zilikuwa zimetawanyika mno, na tulipoviweka vijiti chini ya hadubini tuliona ukingo mwembamba wa kompositi ukivizunguka baadhi yao, mwingine upande mmoja tu.

Dawa yake ni utepe mwembamba wa plastiki wenye tundu, unaobandikwa kwenye dentini kabla ya kupaka asidi. Sijaona kitoboleo kinachoshinda kile cha fundi viatu, chenye vichwa vya ukubwa tofauti, mradi makali yake yawe mapya. Tundu la utepe lilingane na tundu la kalibu. Lichunguze kila tundu chini ya hadubini, na utupe lenye ukingo uliochanika. Gundi isikusanyike pembeni mwa utepe, kwa hiyo ipeperushe kwa hewa laini hadi isitembee tena. Kalibu ikishawekwa, ibanwe isicheze. Baada ya kipimo, pima upana wa alama iliyobaki kwenye jino kwa rula ya hadubini, kwa pande mbili zinazokatana, na utumie eneo hilo katika hesabu badala ya eneo la kalibu. Kazi hii inachosha, lakini bila hiyo nisingeyatetea matokeo yangu mbele ya mtahini yeyote.

Suala la pili la hatua hii ni mahali kisu kinapogusa. Kikigusa kijiti mbali na uso wa jino, hakikati tena. Kinakipinda kijiti, upande wa kisu unavutwa na upande wa pili unabanwa, na unachopima ni mchanganyiko wa nguvu usioujua. Kisu kitelemke kikiwa kimeambaa na uso wa jino bila kuukwaruza. Afadhali kiwe na mkato wa nusu duara unaoikumbatia nusu ya kijiti, kuliko kuwa bapa lililonyooka. Fundi hodari wa kukereza vyuma anaweza kukitengeneza, mradi umpelekee kijiti chenyewe apime, wala si mchoro tu.

Hatua ya 4: Kugandisha

Fuata maelekezo ya mtengenezaji wa gundi kwa saa ya ukutani, si kwa makisio. Kwa gundi zinazohitaji asidi ya fosforiki ya asilimia 35 hadi 37, sekunde 15 kwenye dentini zinatosha. Kisha osha, na unyonye maji kwa kipande cha sponji hadi uso ung'ae kwa unyevu bila kidimbwi. Ukiikausha kwa hewa kali, nyuzi za kolajeni, protini ya dentini, hulala na gundi hukosa njia ya kupenya. Gundi yenye asetoni hupoteza kiyeyusho haraka katika joto la Kisumu, kwa hiyo funga chupa mara tu baada ya kudondosha. Jaza kompositi kwa matabaka yasiyozidi milimita 2, na upime nguvu ya taa ya kugandishia kila asubuhi.

Hatua ya 5: Maji na joto

Vielelezo, yaani meno yenye vijiti vyake, vikae katika maji ya nyuzi 37 kwa saa 24. Weka kipimajoto ndani ya inkubeta, kabati linalotunza joto hilo, kwani umeme unaweza kukatika usiku na usijue. Ukitaka kuvichosha kwa joto na baridi, mizunguko 500 kati ya nyuzi 5 na 55, sekunde 20 kila upande, yawezekana kwa ndoo mbili na kikapu, ila itakula saa saba au nane za watu wawili wanaopokezana.

Hatua ya 6: Mashine na usomaji

Mashine utaipata katika idara ya uhandisi ya chuo. Usikubali ile ya kuvunjia zege. Imejengwa kwa maelfu ya kilonyutoni na haioni nyutoni mia moja. Omba yenye kihisi cha nguvu cha kilonyutoni 1 au chini ya hapo, uiweke kwenye mwendo wa milimita 1 kwa dakika, na ikisoma kwa kilo, zidisha kwa 9.81.

Kisha rudi kwenye hadubini na uandike kila kijiti kilivunjikia wapi: kwenye mpaka wa gundi, ndani ya dentini, ndani ya kompositi, au kwa mchanganyiko. Kilichovunjikia ndani ya dentini hakikupima gundi, na namba yake inakueleza tu kwamba mshiko ulikuwa haujaachia. Vilivyong'oka vyenyewe kabla ya mashine navyo viandikwe, pamoja na idadi yao katika kila kundi. Jino moja litoe kielelezo kimoja, na kila kundi liwe na meno yasiyopungua 15.