Kabla hujabana picha hewani: ya kukagua kwenye swicha ya urushaji

Mbio zinarushwa mubashara kutoka Uwanja wa Ushirika, Moshi, na chumba cha urushaji kiko Arusha, ndipo ilipo swicha, yaani mtambo wa kuchagua na kuchanganya picha zinazokwenda hewani. Siku hiyo si ya kujifunza kitufe gani kinafanya nini. Ukaguzi ufanyike siku moja kabla, mitambo yote ikiwa imewashwa, kwa picha na sauti zinazopita njia ile ile zitakayopita kesho.

Anza na mepesi. Kamera, seva na mashine ya grafiki zote ziwe 1080i50, yaani mistari 1080 na fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ikigawanywa nusu mbili, ndiyo hiyo 50. Kompyuta iliyoachwa kwenye 60 itafanya maandishi yanayotembea chini ya skrini yarukeruke, na watu watalaumu kebo. Vifaa vyote vipate sinki, yaani mapigo ya kuviweka kwenye mwendo mmoja, kutoka chanzo kimoja. Nembo na majina visivuke asilimia 5 kutoka ukingoni: pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini. Nembo nyeupe ijaribiwe juu ya mawingu au theluji ya Kibo, sio juu ya nyasi.

Grafiki ikija kwa kebo mbili, fili (rangi za maandishi) na kii (umbo na uwazi wake), weka lebo pande zote mbili za kila kebo. Ukiona weusi mwembamba umezunguka herufi, usimsumbue mchoraji. Mashine ya grafiki imeshapunguza rangi kulingana na uwazi wa herufi, kisha swicha inapunguza tena. Badili mpangilio wa kii kwenye swicha peke yake. Ukigusa na mashine ya grafiki utarudi pale pale.

Miksi, yaani picha moja kuyeyukia nyingine, ya fremu 25 ni sekunde nzima. Tangazo la biashara la sekunde 30 kamili halina akiba mwishoni: ukianza miksi kabla halijaisha unameza namba ya simu ya mteja, ukianza likiisha mtazamaji anaona fremu iliyoganda au giza. Matangazo ya biashara yaingie na kutoka kwa kukata, picha ibadilike papo hapo. Miksi waachie wenye klipu zilizo na ziada ya sekunde moja kila upande.

Sasa lile linaloharibu matangazo mengi: picha na sauti hazifiki pamoja. Picha kutoka Moshi inapita kwenye kisawazisha fremu, kifaa cha kuilinganisha na sinki ya chumba, ambacho kinaweza kuishikilia hadi fremu moja, yaani milisekunde 40. Ikiingia kwenye DVE, sehemu ya swicha inayobana na kusogeza picha, ili ibanwe kupisha mkanda wa mdhamini, inaongezewa fremu moja au mbili kutegemea mtambo. Sauti iliyopitishwa kwenye miksa ya pembeni haichelewi hivyo, kwa hiyo inatangulia. Pendekezo la EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, linaruhusu sauti itangulie kwa milisekunde 40 tu, ila ichelewe hadi 60. Tofauti hiyo ina sababu. Ukimtazama mtu anapasua kuni ng'ambo ya bonde, unaona shoka likishuka kwanza ndipo mlio ufike; kinyume chake hakuna aliyewahi kukiona, ndiyo maana kinakera haraka.

Mtego uko hapa. Baadhi ya swicha huipitisha picha kwenye DVE pale tu efekti inapotumika. Fundi anapanga ucheleweshaji wa sauti asubuhi, picha ikiwa nzima, midomo inakaa sawa, anaridhika. Saa moja baadaye mkanda wa mdhamini unapanda, picha inabanwa, midomo inaachana na maneno. Mwendeshaji anaongeza milisekunde 80, mambo yanatulia. Mkanda unashuka, picha inarudi nzima, na sasa sauti ndiyo inabaki nyuma. Anapunguza. Mkanda mwingine huo! Wanafukuzana hivyo mpaka mshindi anavuka utepe, na kumbe hakuna kilichoharibika.

Dawa ni kuiacha picha ipite kwenye DVE muda wote, hata ikiwa imejaa skrini, ili ucheleweshaji uwe mmoja. Kisha pima: mtu apige kofi moja mbele ya kamera, karibu na maikrofoni, kwa sababu akisimama mita 14 mbali sauti yenyewe inachelewa fremu moja hewani. Rekodi kinachotoka mwisho wa mtambo, hesabu fremu kati ya viganja kukutana na mlio, zidisha kwa 40. Pima picha ikiwa nzima, pima ikiwa imebanwa. Namba zikitofautiana, hujamaliza. Njia iliyo salama zaidi ni sauti kupachikwa kwenye SDI, yaani kebo ile ile inayobeba picha, kabla ya kisawazisha, mradi swicha inaicheleweshea hiyo sauti pamoja na picha, nalo lipime.

Mtangazaji akizungumza juu ya sauti ya uwanja, ishushe desibeli 12 hivi na ipande polepole, kwa sekunde moja. Wastani wa kipindi ulenge -23 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukitenganisha sauti na picha ili wimbo uendelee, irudishe kabla ya mkato unaofuata, la sivyo utarusha tangazo la soda kwa sauti ya wakimbiaji. Na mtangazaji aliyeko Moshi asirudishiwe sauti yake sikioni: kwa setilaiti inamfikia ikiwa imechelewa, na atababaika.

Umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) ibebe na miksa pia, isiwe swicha peke yake. Swicha ikizimika inaweza kuamka na kii zimezimwa na ucheleweshaji umerudi sifuri, kwa hiyo hifadhi mpangilio kwenye kumbukumbu yake, halafu andika namba kwenye karatasi uibandike kwenye raki. Rilei ya kupitisha picha moja kwa moja swicha ikizimika ijaribiwe usiku, matangazo yakishafungwa, kwa kuchomoa waya kweli.

Toleo jipya la programu lisubiri wiki ijayo. Chai ikae mbali na paneli. Na atakayekuja na flashi yenye tangazo "dogo tu" zikiwa zimebaki dakika tano, mwambie arudi kesho.