Nguo ya kulalia ya mtoto: igeuze kwanza
Nauza nguo za watoto za mtumba, na kila mteja namwambia hivi: igeuze, ndani iwe nje. Ua la kifuani halimgusi mtoto. Kinachomgusa ni mshono. Pitisha kidole, hasa miguuni mwa ovaroli. Mwanangu wa pili alilia usiku kucha, kumbe uzi umemzunguka kidole cha mguu hadi kimevimba.

Kwa joto la Dar chukua pamba nyepesi. Februari, fulana na nepi vinatosha kabisa. Zile za manyoya zenye masikio ya sungura waachie watu wa Njombe, nao wakate kofia yake. Kamba ya shingoni ing'oe. Kifungo kivute kwa nguvu. Kikilegea, kishone upya.

Kujua kama ana joto, gusa kifua au shingo kwa nyuma, si viganja. Vya mtoto mchanga hupoa tu. Ukikuta jasho, punguza nguo. Aliye chini ya mwaka mmoja asilale na kofia wala blanketi.

Nyumbani fua, anika, piga pasi mpaka kwenye mishono: kuna nzi hutaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa, na funza wake huingia ngozini.