Kuhariri makala ya msomaji

Isome yote mara moja bila kugusa neno. Kisha chukua sentensi mbili zilizonyooka kupita nyingine, uzitafute mtandaoni ndani ya alama za kunukuu. Ikiwa zimenakiliwa, irudishe. Usipoteze muda kuihariri.

Hakiki majina na tarehe. Saa hukosewa sana: 20:00 ni saa 2 usiku, si saa 8.

Kosa baya zaidi huletwa na mhariri mwenyewe. Ukibadilisha “gari” kuwa “pikipiki”, “limeharibika” lazima liwe “imeharibika”, na viambishi vyote vya aya hiyo vifuate. Kwa hiyo soma tena kwa sauti. Maneno ya lahaja ndani ya mazungumzo yaache; ndiyo sauti ya mwandishi. Kichwa kikibadilika, mwonyeshe kabla ya kuchapisha.