Baiskeli juu ya stendi: mazoezi mazito kwa mgonjwa wa Parkinson

Baba yangu mdogo yuko Ujiji, mstaafu wa reli, miaka 62. Ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili. Mkono unatetemeka, lakini kinachomuumiza zaidi ni akili kuwa nzito: anaanza sentensi, inampotea. Tulivyofanya ni hivi.

Hatua ya 1. Daktari apime presha na moyo kwanza.

Hatua ya 2. Chukua baiskeli ya kawaida yenye stendi ya miguu miwili, gurudumu la nyuma likae hewani, uiegemeze ukutani. Kaza breki ya nyuma kwa mpira wa tyubu mpaka pedali ziwe nzito. Wengi wanashauri kutembea. Kwa mazoezi ya nguvu mimi siafiki: miguu ikiganda kwenye mteremko wa Mwanga, Kigoma, mtu anaanguka. Tena kuna utafiti wa Uholanzi ambako wagonjwa walipiga baiskeli nyumbani miezi 6. Ubongo wao ulisinyaa polepole kuliko wa waliojinyoosha viungo tu.

Hatua ya 3. Dawa na chakula. Hapa tulipoteza wiki 3. Baba mdogo alikuwa anameza levodopa, dawa yake ya Parkinson, pamoja na chai ya maziwa na dagaa, kisha anapanda, miguu haisogei. Nikadhani dawa imeharibika. Kumbe protini ya dagaa, maharage na maziwa hushindana na levodopa kuingia mwilini. Sasa anameza kwa maji, nusu saa kabla ya kula. Kichefuchefu kikimsumbua, kipande cha muhogo kinatosha. Kipimo cha dawa usikiguse bila daktari. Na usitazame saa peke yake: mpe shati. Akifunga kifungo cha kola mwenyewe, dawa imeshika, apande. Vidole vikihangaika, subirini. Akisimama akaona kizunguzungu, akae, huenda presha imeshuka.

Hatua ya 4. Kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika, toa umri kwenye 220. Kwake inabaki 158. Asilimia 80 hadi 85 ni mapigo 126 hadi 134, yaani 32 au 33 kwa sekunde 15. Ndicho kiwango cha utafiti wa Marekani wa 2018. Mfikishe taratibu, kwa wiki kadhaa, mpaka dakika 30, siku 3 kwa wiki. Baadhi ya dawa za presha hushusha mapigo. Hapo sikiliza pumzi: ajibu maneno mawili matatu, asiweze kuimba.

Hatua ya 5. Akili nayo ifanye kazi. Akiwa bado anakanyaga, namwambia, “Baba mdogo, tumetoka Tabora.” Anataja stesheni: Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Malagarasi, Uvinza. Wiki ya kwanza aliishia Kaliua. Akikwama usimtajie, hata kimya kikiwa kirefu. Mwache atafute, miguu isisimame.