Wageni wako wasiharibu misenesio, ile mimea mirefu kama miti, pale kambi ya Barranco mlimani Kilimanjaro, fanya hivi

Kama unapandisha wageni Kili, brifingi ya mimea ifanye kabla hamjafika Barranco, usingoje mpaka watu washasambaa kupiga picha. Waambie ile misenesio mikubwa, ambayo aina yake ya hapo inaota Kilimanjaro tu, inakua taratibu mno, na yale majani makavu yaliyong'ang'ania shina ndo koti lake la usiku, yanakinga shina lisigande na baridi, kwa hiyo mtu asiyabandue wala asiegemee kabisa. Lobelia nazo, ile mimea yenye majani yaliyojipanga duara, wasizichokonoe katikati, yale maji yaliyotuama humo yanalinda chipukizi.

Njiani ndo kazi kubwa. Kukiwa na tope mmoja anakwepa pembeni, wa nyuma wanafuata, mara njia moja imeshakuwa tatu na vimea vidogo vyote vimelala, so we tangulia pita katikati ya tope, msaidizi akae nyuma, na wagumu, yaani wapagazi, wakija na mizigo wageni wasimame juu ya mawe wawapishe, sio kwenye majani. Njia ya mkato ukiiona izibe kwa mawe. Buti zipigwe brashi hotelini, zinabeba mbegu za magugu. Picha? Chagua mti mmoja ulio kando ya njia, wote wapigie hapo hapo.