Somo: Namna ya kutenganisha "scale" ya kukwea na "scale" nyingine

Kwa kuwa swali la jinsi neno la Kiingereza "scale" lilivyobeba kukwea, mizani na magamba ya samaki linarudi kila mara, nimeliweka jibu lake lote hapa.

Hatua ya kwanza: fungua kamusi kubwa ya Kiingereza inayoonyesha asili za maneno.

Hatua ya pili: tafuta vidahizo vyote vya neno hilo, yaani maingizo yake katika kamusi, kila kimoja na tarakimu yake.

Hatua ya tatu ndiyo inayowapotosha wengi: soma asili ya kila kidahizo peke yake kabla ya kutazama maana. Neno la kukwea limetoka katika Kilatini "scala", yaani ngazi, lenye udugu na kitenzi "scandere", kukwea. Ndiyo maana hutumika kwa askari wanaoparamia ukuta wa ngome, na ndiyo maana skeli ya ramani na ya muziki, ambazo hupanda daraja kwa daraja, zimo katika kidahizo hichohicho. La mizani limetoka katika Kinorsi cha kale (lugha ya kale ya Skandinavia), "skál", bakuli. La gamba limepitia Kifaransa cha kale, "escale", ganda. Tahadhari: msidai kwamba mizani iliitwa hivyo kwa sababu ya mistari ya vipimo, kwani mizani ya kale ilikuwa na visahani viwili vinavyoning'inia, bila mstari wowote, na jina lilitokana na visahani hivyo.

Hatua ya nne: tazama shamirisho, yaani kile kinachotendewa. Likiwa ukuta au mlima, ni kukwea. Likiwa samaki, ni kupara.

Swali: Kwa kifupi, maana yake hasa ni ipi?

Jibu: Soma hatua ya nne.

Swali: Kamusi ya mfukoni imeyaweka yote pamoja. Umekosea?

Jibu: Sijakosea. Hatua ya kwanza imetaja kamusi inayoonyesha asili.

Swali: Mwalimu, bakuli na ganda hayana udugu wowote?

Jibu: Umeuliza vizuri sana. Yana udugu wa mbali, kwani yote mawili hurudi kwenye shina la kale la jamii ya lugha za Kijerumani lenye maana ya kupasua, ambamo pia limo "shell". Neno la ngazi ndilo lisilo la ukoo huo. Ukitaka kuendelea, fuatilia "ascend" na "descend", ambayo yote yametokana na "scandere".

Swali: Na "escalator" je, ngazi za umeme?

Jibu: Naam, limetokana na "escalade", kushambulia ngome kwa ngazi. Lilianza Marekani kama jina la kibiashara, na kitenzi "escalate" kikachongwa humo baadaye.