Kupanga bei ya kukata nyasi bila kupata hasara
Kabla ya kumtajia mteja bei ya kukata nyasi, jumlisha petroli, oili, kunoa kisu, uchakavu wa mashine, ujira wa msaidizi na hasa muda wa kusafiri kutoka nyumba moja hadi nyingine, ambao wengi huusahau. Gharama zikifika shilingi 20,000, nawe unataka faida ya asilimia 30 ya bei, usiongeze tu asilimia 30 juu ya gharama, kwani bei ya 26,000 huacha faida ya asilimia 23; gawanya 20,000 kwa 0.7, kwa kuwa gharama zitakuwa asilimia 70 iliyobaki ya bei, upate takriban 28,600. Mkataba wa mwezi uliokubaliwa kiangazi uwe na kipengele cha masika, nyasi zinapohitaji kukatwa mara nyingi zaidi.